Jemani shepadi wa manyoya marefu, koli au bobteli: yupi anakufaa ukiwa Dar?

Kila mara naulizwa swali lile lile, nataka mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi, nichukue yupi. Haya, leo tuwaweke mezani watatu. Wote kwa asili ni mbwa wa kuchunga, yani huko kwao walikuwa wanaswaga kondoo na ng'ombe, na wote kwenye picha wanapendeza balaa. Wa kwanza ni jemani shepadi wa manyoya marefu, ambaye huku mjini ndo unamuona sana. Wa pili ni koli, yule wa pua ndefu na manyoya meupe yamejaa shingoni, kwao Scotland. Wa tatu ni Old English Sheepdog, yule wa kijivu na nyeupe ambaye macho yamefunikwa na nywele, wenyewe wanamwita bobteli sababu kwa desturi mkia hana, ama kazaliwa hivyo ama umekatwa.

Kokasi, yani Caucasian Shepherd, simuweki humu, msinitumie meseji. Yule ni mbwa wa kulinda kundi dhidi ya mbwa mwitu, sio wa kuswaga, na kichwa chake kinafanya kazi tofauti kabisa. Atapata siku yake.

Vigezo kwanza

Nitawapima kwa mambo haya haya wote: joto na unyevu wa Dar, manyoya na nani atayachana, ulinzi, watoto na majirani, magonjwa na dawa, msosi, mwisho namna ya kumpata. Joto na manyoya nimeyaweka juu makusudi, maana hapo ndo watu wanashindwa. Najua wengi swali la kwanza ni ulinzi, lakini mbwa ambaye mchana kutwa kalala anahema na usiku anajikuna mpaka asubuhi hamlindi mtu.

Ukubwa tuumalize haraka. Jemani dume anasimama sentimita 60 mpaka 65 begani na kilo 30 mpaka 40, jike 55 mpaka 60 na kilo 22 mpaka 32. Koli wa damu ya Uingereza dume ni 56 mpaka 61, kilo kama 20 mpaka 30, wale wa Marekani wanazidi kidogo, wanafika kilo 34. Bobteli dume anaanzia 61 na uzito wake unacheza kilo 27 mpaka 45. Ila kwa macho bobteli ataonekana mkubwa kuliko wote, na ukimlowesha ndo utajua nusu yake ilikuwa nywele.

Joto na unyevu

Hapa nikae kidogo. Shida ya Dar sio jua peke yake, ni ule unyevu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na kuhema kunasaidia pale ambapo hewa ina nafasi ya kukausha ule umajimaji wa mdomoni na kwenye ulimi. Sasa chukua Januari au Februari, joto limeshapita 31, hewa nzito, usiku nao haushuki kihivyo, mbwa anahema anahema na hapoi. Ndo maana anaweza kuzidiwa akiwa kivulini kabisa, hujamtoa hata nje. Ikifika Juni mpaka Agosti kipupwe kimeingia, anabadilika, anacheza, unadhani umeletewa mbwa mwingine.

Jemani hapa ana nafuu kuliko wenzake wawili. Hana nywele usoni, mdomo mpana, masikio yamesimama, na huku amezoeleka, ukimpa kivuli, maji na sehemu ya upepo anavumilia. Ila yule mwenye manyoya marefu na tabaka zito la ndani sio sawa na jemani wa kawaida wa jirani yako, usijifariji kwa kusema mbona wa fulani anashinda juani.

Koli yuko katikati. Mwili mwepesi, hana kitambi, ila shingoni na kifuani manyoya yamejaa hasa, na hapo ndo joto linakaa. Mchana mwache alale kwenye marumaru ya baraza, usimlazimishe kutembea.

Bobteli kwa Dar ndo mgumu, tusidanganyane. Mwili mzito, nywele kila mahali mpaka usoni. Anawezekana, sijasema hawezekani, ila unatakiwa uwe na chumba chenye feni ya uhakika au eisii, na ujue kabisa luku ikiisha saa saba mchana na wewe uko ofisini Posta, kuna mtu nyumbani wa kushughulika.

Sasa watu wakiona mbwa anahema wanakimbilia mashine ya kunyolea. Subiri kwanza. Jemani na koli wana tabaka mbili, ya juu ndefu inayomkinga na jua na maji, na ya ndani laini kama pamba. Ukimnyoa mpaka ngozi unamuanika juani, na manyoya mara nyingi hayarudi vile vile, ya ndani yanaota haraka ya juu yanachelewa, unabaki na mbwa mwenye viraka ambaye joto analisikia vile vile. Kinachomsaidia ni kuyatoa yale ya ndani yaliyokufa kwa kitana ili hewa ifike kwenye ngozi. Bobteli ni tofauti, hata huko kwao ambaye haendi kwenye maonyesho anapunguzwa kwa mkasi au mashine, anabakiziwa inchi moja mbili hivi, na kwa Dar mimi ningesema hiyo ndo iwe staili yake mwaka mzima.

Dalili za kuzidiwa na joto mzijue wote hata mkichukua mbwa wa aina nyingine: anahema kwa nguvu bila kutulia, mate yanakuwa mazito yananata, fizi na ulimi vinakuwa vyekundu sana, anayumba, anatapika. Mbwa mzima ana nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, ikipita 40 ni hatari na ikifika 41 hiyo ni dharura. Mmwagie maji ya bomba ya kawaida mwili mzima mpaka ngozi ilowe, weka feni, halafu mkimbize kwa daktari, na njiani feni au kiyoyozi cha gari kiendelee. Kumfunika taulo zito lililolowa na kumuacha nalo hakusaidii, linabana joto ndani.

Matembezi ni alfajiri kabla jua halijapanda na usiku baada ya saa mbili. Weka mgongo wa kiganja kwenye pevingi au lami, ukishindwa kuvumilia sekunde tano basi na nyayo zake hazitavumilia.

Manyoya na nani atayachana

Swali la kujiuliza sio unampenda kiasi gani, ni nani mwenye jina anashika kitana. Ni wewe? Mtoto wa darasa la sita? Kijana wa kazi ambaye mwezi ujao anarudi Singida? Nasema hivi sababu huku kwetu nyumba nyingi mbwa anahudumiwa na mtu asiyeamua kumnunua, na kama dada wa kazi ni Muislamu na hataki kugusa mate ya mbwa, hiyo ni haki yake, usimpe hiyo kazi halafu ushangae mbwa kafungamana.

Jemani mrefu anahitaji kuchanwa mara mbili tatu kwa wiki, dakika ishirini hivi kila mara. Nywele zake hazifungamani sana isipokuwa nyuma ya masikio, kwapani na kule nyuma ya mapaja. Ila anamwaga! Huko Ulaya wanamwaga kwa misimu, hapa kwetu siku zinakaribia kulingana mwaka mzima na joto halibadiliki sana, kwa hiyo unakuta anamwaga kidogo kidogo Januari mpaka Desemba, kwenye sofa, kwenye suruali nyeusi, kwenye ugali ukizubaa.

Koli ni karibu sawa kwa muda, labda azidi kidogo, sababu yale manyoya ya shingoni na ya mapajani ni laini na yanashikana. Uzuri wake uchafu haugandi sana, tope likikauka ukipitisha brashi linadondoka.

Bobteli ni kazi ya masaa matatu manne kwa wiki kama nywele ni ndefu, na hapo sijaweka chumvi. Nywele zinazokufa hazidondoki chini, zinabaki ndani na kufungamana, wiki mbili ukiacha unakuta tabaka limekuwa zulia karibu na ngozi ambalo kitana hakipiti, dawa pekee ni mkasi. Ukimpunguza fupi kazi inashuka sana, lakini sasa unalipa mtu kila baada ya miezi miwili mitatu, na sio kila anayekuja kuosha mbwa nyumbani anajua kumkata.

Kuchana kwenyewe wengi wanakosea kwa kupitisha brashi juu juu, mbwa anang'aa, chini kumefungamana. Fanya hivi: mlaze ubavu, anzia chini mguuni, mkono wa kushoto unazuia manyoya yaende juu mpaka uone mstari wa ngozi, vile msusi anavyogawa mistari kichwani, halafu kitana cha chuma kinashusha kile kidogo kilichobaki chini ya mstari. Ukimaliza unapanda kidogo, mstari mwingine. Ukiwa hapo ngozi unaiona, na ndo unakutana na kupe, vipele, kidonda ambacho kwa juu usingekijua.

Kuogesha. Maji ni ndoo nyingi, ukiwa eneo la mgao jipange, na sabuni isiposuuzwa vizuri itamwasha wiki nzima. Lakini kubwa kuliko kuogesha ni kukausha, hasa masika, Machi mpaka Mei, ambapo hewa yenyewe imelowa. Tabaka la ndani likibaki na maji kesho yake linaanza kunuka, keshokutwa kuna fangasi au kidonda kinachovuja kinachotanuka kwa masaa. Kwa hiyo taulo, kisha feni huku unachana, au drai ya upepo wa baridi kama ya saluni. Jemani anakauka mapema kuliko wote, koli anafuata, bobteli mrefu anaweza kukuchukua jioni yote. Ukiwapeleka baharini, Kigamboni au Kunduchi, ni hivyo hivyo, suuza chumvi na mchanga kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Ulinzi

Jemani hapa hana maelezo mengi. Kibaka akimuona tu getini anabadilisha njia. Max von Stephanitz alipoanza kuwasajili Ujerumani mwaka 1899 alitaka mbwa wa kazi, na kazi bado iko kwenye damu. Ila asipofundishwa anakuwa mkali kwa kila mtu, msoma mita, muuza maji, shangazi aliyetoka Tanga. Fundisha mapema, mzoeshe wageni na kelele za mtaani kabla hajafika miezi minne.

Koli ni kengele. Atabweka hodi ikipigwa, atabweka paka akipita, atabweka bajaji ya jirani ikiwashwa. Kuuma mtu sio kawaida yake. Kama una ukuta, fensi ya umeme na mlinzi, kengele inatosha. Kama mbwa ndo ulinzi wako wote, hapana.

Bobteli ana sauti nzito, gizani inatisha, lakini akimfikia mwizi kuna uwezekano mkubwa akataka kucheza naye. Mchukulie kama mwanafamilia tu.

Na kwa wote watatu, suala la kutupiwa nyama yenye sumu usiku bado lipo. Kumfundisha kula kwenye bakuli lake tu kunasaidia, hakumalizi. Usiku alale karibu na nyumba, barazani kwenye grili, asiachwe kule ukutani ambako mtu anarusha kitu na kuondoka.

Watoto na majirani

Mbwa wa kuchunga anachunga, hata kama hujampa kondoo. Watoto wakikimbia uani anawazunguka, anawakusanya, na anapochoka kuombwa kistaarabu anawachokoa visigino kwa meno. Haumii mtu sana ila mtoto wa miaka mitatu anaanguka na kulia. Bodaboda ikipita anaikimbiza, kuku wa jirani anawapanga kona. Hii tabia jemani na koli wanayo zaidi, bobteli anapenda kusukuma kwa mwili, na kilo zake 40 mtoto anakaa chini. Kwa upole na watoto koli ndo namuamini kuliko wote, anasoma hali ya mtu, ukimfokea ananyong'onyea siku nzima. Jemani aliyelelewa na watoto toka mdogo ni mzuri pia, ila akiona watoto wa nje wanasukumana na wa kwake anaweza kuelewa vibaya.

Majirani. Mitaa yetu tumechanganyika, na jirani Muislamu anayeelekea msikitini na kanzu yake hataki mbwa aliyelowa ajikung'ute pembeni yake, na mbwa wa manyoya marefu akijikung'uta maji yanafika mbali. Mshike kamba fupi, mpishe mtu, msalimie. Ukifanya hivyo hata siku mbwa akibweka usiku utavumiliwa. Kwa nyumba za kupanga zenye uwanja wa pamoja, Sinza, Mwananyamala, Tabata, koli kwa kelele zake atakugombanisha na watu wiki ya kwanza, jemani atawatisha, bobteli atapendwa ila nywele zake zitaenda kwenye nguo walizoanika.

Magonjwa, kupe na ile sindano

Kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili ni hii, na hasa wewe wa koli.

Kuna jeni inaitwa MDR1. Ikiwa na hitilafu, dawa fulani ambazo kwa mbwa wengine haziingii kwenye ubongo, kwake zinaingia na zinabaki. Marekani karibu koli 7 kati ya 10 wana hiyo hitilafu, jemani ni kama 1 kati ya 10, bobteli ni wachache zaidi lakini wapo. Dawa kubwa ya kuogopa ni ivamektini, na hapa kwetu ndo ile ile sindano ambayo bwana mifugo anatembea nayo kwenye begi kwa ajili ya minyoo, ukurutu na kupe wa ng'ombe na mbuzi, na mbwa naye anachomwa akiwa na ngozi mbaya. Mbwa wengi wa mtaani wanachomwa na wanapona. Koli mwenye hitilafu kwa dozi ya namna hiyo anaanza kuyumba, mboni zinatanuka, mate yanatoka, haoni, anaweza kuzimia na kufa.

Kwa hiyo kabla sindano haijatoka kwenye chupa, mwambie wazi: "Shikamoo bwana mifugo, samahani, huyu ni koli, ivamektini usimchome, kama ni ngozi naomba dawa nyingine." Soma na chupa mwenyewe, imeandikwa Ivermectin. Waachie maagizo nyumbani, maana bwana mifugo akija wewe uko kazini atakayempokea ni mtu mwingine. Na kama unafuga ng'ombe au mbuzi, Bunju, Chanika, Kigamboni, mifugo ikitoka kuchomwa mbwa asile kinyesi chao. Loperamidi, zile dawa za binadamu za kuzuia kuharisha, nazo asipewe. Kipimo cha jeni kipo, ni kufuta mate shavuni kwa kijiti na kutuma maabara nje ya nchi, kwa koli mimi nadhani ni hela iliyotumika vizuri, na kama hujapima mchukulie kuwa anayo.

Kupe sasa. Dar kupe hawana likizo, na wanaleta homa ambazo zinaua: fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya kahawa, wakati mwingine damu inatoka puani, mbwa hali. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ukimpulizia mbwa wa manyoya marefu inaishia juu, ngozini haifiki, halafu watu wanaongeza makali ya dawa na kumuumiza. Kwa hawa watatu vidonge vya kutafuna vya kupe vinavyokaa mwezi mmoja au mitatu ndo vinafanya kazi bila kujali urefu wa manyoya, muulize daktari kipi kinamfaa. Na bado mkague kwa vidole, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo.

Mengine ya kila mmoja. Jemani: nyonga. Muulize muuzaji kama wazazi walipigwa eksirei, usimnunue mtoto wa wazazi wanaotembea makalio yameinama, na kama nyumba ina marumaru zinazoteleza weka mkeka wa mpira anapopita. Akiwa anakula sana na bado anakonda na kinyesi kina mafuta, mpeleke akapimwe kongosho. Koli: macho, kuna kasoro anazaliwa nayo, na usikubali mtoto wa wazazi wawili wote wa rangi ya kijivu ya madoa, baadhi yao wanazaliwa viziwi au vipofu. Bobteli: masikio. Yamelala, yana nywele ndani, unyevu wetu huu, yanaoza haraka, fungua unuse kila wiki. Jemani na bobteli, na koli pia kwa kiasi, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, wape mlo mara mbili badala ya mmoja mkubwa na wasikimbizwe wakishashiba. Ukiona tumbo limevimba na anajaribu kutapika hakitoki kitu, hapo ni kukimbia, hakuna kusubiri asubuhi.

Chanjo wote sawa, za watoto zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kukosa. Ikishindikana kabisa mjini, hospitali ya wanyama ya chuo cha Sokoine pale Morogoro sio mbali.

Msosi

Hapa hawatofautiani sana. Mbwa wa kilo 35 anakula chakula kikavu kama gramu 400 kwa siku, mfuko wa kilo 15 unaisha kwa wiki tano na kidogo, piga hesabu kwa bei ya dukani kwako. Wengi wetu tunapika: dona na dagaa, utumbo, mapafu, vichwa vya kuku, karoti. Inawezekana, ila dona isiwe robo tatu ya sufuria, na mifupa iliyopikwa toa, inapasuka vipande vya ncha kali. Kwa manyoya haya protini na mafuta ya samaki vikipungua utaona, yanakuwa makavu na kukatika. Koli ndo anakula kidogo kati yao. Usimjaze madini ya kalsiamu mtoto wa jemani eti akue haraka, mifupa inaharibika.

Kumpata

Jemani wapo, shida ni wepi. Wengi wanaouzwa "manyoya marefu" wana wiki nne, na umri huo kila mtoto anaonekana ana manyoya mengi. Angalia vishungi vya nywele masikioni na nyuma ya miguu. Usishangae pia ukiambiwa wazazi wana manyoya mafupi, inawezekana kweli, maana urefu unaweza kujificha kwa wazazi wote wawili ukatokea kwa mtoto. Kwa wazazi wawili warefu watoto wote wanakuwa warefu.

Koli na bobteli kwa hapa ni wa kutafuta, mara nyingi unaishia kuagiza Kenya au Afrika Kusini. Nairobi kuna East Africa Kennel Club wanaosajili, kwa hiyo makaratasi unaweza kuyafuatilia. Uwe na kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa kabla mbwa hajaanza safari. Na mlete Juni au Julai, sio Desemba, apate miezi ya kuzoea kabla kaskazi haijaanza.

Basi, kulingana na hali yako

Una kiwanja chenye ukuta, Goba, Madale, Kinyerezi huko, unataka ulinzi na una muda wa kufundisha: jemani. Ila kama manyoya marefu umeyapenda kwenye picha tu na hakuna wa kumchana, chukua jemani wa manyoya mafupi, ni mbwa yule yule na kazi imepungua nusu.

Una watoto wadogo, kuna mtu mzima nyumbani mchana, ulinzi umeshaulipia kwingine na majirani hawajabanana na wewe: koli, kwa sharti kwamba daktari wako anaijua habari ya MDR1 na hashangai ukiitaja. Akishangaa tafuta daktari mwingine kwanza, mbwa baadaye.

Una hela ya kumlipa mtu wa kumpunguza nywele, una chumba cha kiyoyozi na jenereta au sola, na unataka rafiki wa nyumbani mwenye vituko: bobteli, mfupi, mwaka mzima.

Uko fleti Upanga au Kariakoo ghorofa ya nne: kati ya hawa watatu koli anaweza kuingia kwa ukubwa, lakini kelele zitakuponza, na jemani bila mazoezi ya kila siku atakula mlango. Mimi ningesubiri nihame.

Unasafiri kikazi, wiki Dodoma wiki Mwanza, mbwa anabaki na mlinzi: usichukue yeyote wa manyoya marefu. Chotara wa jemani na mbwa wetu wa kawaida atakulindia vizuri na hatafungamana.

Na kama mtoto wa mbwa umeshalipia advansi na anakuja Jumamosi, leo nenda kanunue kitana cha chuma chenye meno marefu na brashi ya meno ya waya, akifika anza kumgusa nyayo, masikio na tumbo kila jioni dakika tano huku unampa kipande cha kuku, maana akifika kilo 35 hajawahi kushikwa huko, hata watu wawili hamtamlaza ubavu.